Zamu Niliyompa Mbwa

Mbwa wangu alikuwa na jina lake, lakini sitalitaja hapa, kwa sababu ni jina la mtu na mtu mwenyewe yuko hai, tena ni jamaa wa karibu wa mume wangu. Nilimpa jina hilo siku niliyokuwa na hasira, na baadaye hasira ilipoisha nikakuta mbwa ameshalizoea. Tukaacha mambo hivyo. Jamaa huyo alipokuja kututembelea nilikuwa nikimwita mbwa kwa kugonga ulimi, na mbwa alikuwa akinishangaa.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Wakwe zangu walikuwa wametoka milimani upande wa Tawa, ambako shamba la ukoo lilikuwa limegawanywa mpaka mtu akisimama katikati anaweza kusalimiana na majirani wa pande zote mbili bila kupaza sauti. Wakashuka nchi ya chini, mwendo wa nusu siku kutoka Mtito Andei, wakafyeka msitu. Mimi nilikuja huko kama bi harusi nikitokea Kitui, karibu na Kwa Vonza. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mume wangu alikuwa akijaza mafuta kwenye kituo kimoja cha petroli pale Mtito Andei, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na miezi mingine asije. Kwa hivyo nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe, mbuzi wachache na mbwa.

Wanawake wa pale hawakuwa wabaya. Lakini walicheka Kikamba changu cha Kitui, wakanifanya nirudie maneno ili wacheke vizuri zaidi, na mimi nina mdomo. Nilijibu. Mtu mgeni akijibu sana huachwa, nami nikaachwa. Niliposhiriki kazi zao nilifanya kazi, nikanywa uji, nikarudi kwangu. Kisha kulikuwa na lile jambo lingine ambalo hawakulisema mbele yangu: nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka minne na sikuwa nimepata mtoto.

Sasa nieleze kuhusu nyani, maana bila nyani mtu hawezi kuelewa mbwa. Nyani wa nchi ile wanamjua mwanamke. Akitokea mwanamume shambani, hata mzee wa kutembea na fimbo, wanakimbia. Akitokea mwanamke wanamtazama, wanaendelea kuvunja mahindi. Mama mkwe alinivalisha koti la mume wangu na kofia yake, akaniambia nitembee kwa kutupa mabega. Nyani walikimbia siku mbili. Siku ya tatu dume lao moja likakaa juu ya jiwe, likanitazama nikipita na koti langu, halafu likashuka taratibu na kuchuma muhindi mbele ya macho yangu. Nililia siku hiyo. Mama mkwe naye alicheka hadi akashika mbavu, akasema dume lile limenikagua makalio.

Mbwa ndiye aliyewaweza. Hakuwa mkubwa, alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, lakini alikuwa na akili ya kuwazunguka kwa upande wa msitu ili wakose pa kutorokea. Shamba letu lilivunwa wakati mashamba ya wenye wanaume watatu yaliliwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia watu nikiulizwa kwa nini namlisha mbwa ugali wa moto. Nilikuwa nikiyasema kwa sauti kubwa. Jambo ambalo sikulisema ni kwamba jioni, mama mkwe akishalala, nilikuwa nikikaa mlangoni nikimweleza mbwa habari za siku nzima, kwa Kikamba changu cha Kitui, na yeye hakunicheka.

Ugonjwa ulimwanza baada ya kiangazi kirefu. Aliacha kula. Uso ukamvimba, miguu ya nyuma ikawa haimtii, kisha macho yakaanza kuingia ukungu mweupe wenye ubuluu. Mama mkwe alimtazama akasema, "Mwana wakwa, mbwa ikiwa mgonjwa inajitafutia majani. Ikipona ni sawa, isipopona ni sawa." Hakuwa na roho mbaya. Kwake mbwa alikuwa mbwa, na mwaka huo alikuwa amepoteza mbuzi wengi mno hata asiweze kumhurumia mnyama asiyetoa maziwa.

Nilisubiri siku ya josho, siku ambayo ng'ombe wote wa eneo hupelekwa kuogeshwa dawa ya kupe, kwa sababu daktari wa mifugo wa serikali hufika. Nikampakia mbwa kwenye wilbaro, nikamfunika na leso, nikamsukuma. Wachungaji wa ng'ombe waliponiona walidhani nimeleta ndama. Nilipofunua leso walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Daktari hakucheka. Alichuchumaa, akamfunua midomo akaangalia ufizi, akambonyeza shingoni chini ya taya, akamwangalia macho kwa muda mrefu.

"Ni mbung'o," akasema. "Imemuuma huko msituni. Ingekuwa ng'ombe ningemdunga sasa hivi, lakini dawa ya hapa ni ya serikali, ya ng'ombe, imehesabiwa. Ya mbwa utanunua."

Akanieleza kwa upole. Dawa ingetoka duka la mifugo la Mtito Andei. Si sindano moja. Mbwa alikuwa amekauka, alihitaji maji ya mshipa pia, na yeye daktari ilibidi awe akija kwetu na pikipiki, na petroli ya pikipiki si ya serikali ikiwa safari ni ya mbwa. Alipotaja jumla ya gharama nilitazama chini. Ilikuwa bei ya mbuzi mzima na zaidi, na mbuzi baada ya kiangazi kile hawakuwa wa kuuzwa. Hata wangekuwa, hawakuwa wangu.

"Na nikilipa atapona?" nikamuuliza.

"Mama, sitakudanganya. Umemleta kama amechelewa. Lakini nimeona wengine wakiamka."

Nilimrudisha nyumbani kwa wilbaro ile ile. Njia nzima nilikuwa nikifikiri ni nani wa kumwomba, na kila nilipompata mtu nilimwondoa. Kwetu Kitui nililelewa hivi: kuomba ni aibu kubwa kuliko kulala njaa. Mama yangu mzazi aliwahi kutupikia maharagwe bila chumvi wiki nzima na jirani ana chumvi tele. Nilikuwa mtoto wake kabisa.

Nilianza na mume wangu, kwa sababu kumwomba mume si kuomba. Nilimpa kondakta wa basi ujumbe, naye akarudi na jibu siku ya pili akilitamka mbele ya abiria wote: "Anasema usisumbuke na hiyo mbwa. Atakuletea ingine mwisho wa mwezi." Abiria wakaona mume wangu ni mtu mwema. Mimi nilimshukuru kondakta, nikaenda nyuma ya choo nikauma leso yangu.

Jumapili nikamwendea mzee wa kanisa baada ya ibada. Kanisa letu lilikuwa na mfuko wa wenye shida, na wakati ule wa njaa ulikuwa umesaidia wengi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye neno mbwa. Akatazama pembeni kidogo, akanyoosha tai yake, akasema, "Dada, kama ingekuwa wewe ni mgonjwa tungekuja sote. Lakini nikisimama hapo mbele niseme sadaka imeenda kwa mbwa, nitawaambia nini wale walioleta mayai yao?" Nilijua anasema kweli. Wajane walikuwa wakileta mayai mawili mawili kanisani yakauzwe kwa mnada. Hata mimi ningenuna. Nikamwambia asante, na asante yangu ilikuwa ya kweli.

Ikabaki mwethya. Mwethya ni kikundi cha wanawake wa kijiji wanaochimba pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja na zamu yake. Kabla ya mvua tulikuwa tukichimba matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo. Mtu peke yake hawezi kuyamaliza mashamba ya mteremko kama yetu. Wanawake ishirini na majembe yao huyamaliza kabla ya jua kuwa kali. Zamu yangu ilikuwa imekaribia, na shamba langu lilikuwa limeachwa bila tuta hata moja tangu lilipofyekwa upya.

Sasa pale sokoni kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, mwenye duka la jumla. Alikuwa amenunua shamba la mteremko kando ya mto wa mchanga, na kila msimu alikuwa akiwasihi wanawake wa mwethya wamchimbie kwa malipo. Kila msimu walimkatalia. Mwethya haikodishwi. Mwanamke anayechimba kwa pesa ni kibarua, na kibarua ni mtu ambaye hana wenzake. Hilo walilisema kwa majivuno, na mimi pia nililisema. Ndipo nikapata wazo ambalo lilinitoa jasho nikiwa nimekaa.

Siku ya kazi, tulipopumzika kunywa uji, nikasimama. Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono mirefu na maneno machache, ambaye sikuwahi kumwona akikaa kabla ya wengine kukaa. "Nina ombi," nikasema, na baadhi yao wakageuka haraka, maana hawakuwahi kusikia neno hilo kinywani mwangu.

Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu vizuri. Nikaeleza habari za nyani, nikaeleza mavuno, nikaeleza jinsi shamba lisilo na mwanamume linavyomtegemea mbwa. Nikamaliza hivi: zamu yangu ikifika wasije kwangu, waende kwa mwenye duka, naye amlipe daktari.

Mtu akaweka kibuyu chini.

"Sisi tumekuwa vibarua tangu lini?" mmoja akauliza.

Mwingine, jirani yangu wa upande wa chini, mama wa watoto saba, akasema, "Woi! Wenzako wakisimama hapa wanaomba juu ya karo ya mtoto. Wewe unasimama juu ya sindano ya mbwa."

Wachache wakacheka. Niliujua mzaha ule ulikuwa umelenga wapi, na nilikuwa na jibu lake, jibu zuri kuhusu mume wake na mahali anapolala siku za soko. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza. Sijui kama nimewahi kumeza kitu kigumu kuliko kile.

Mwenyekiti akaniuliza, "Bwana yako anajua?"

"Anajua. Anasema ataleta ingine."

"Sasa shida iko wapi? Nyani haiwezi kujua hii ni mbwa ya zamani ama ni mpya."

Aliuliza bila kejeli. Nami hotuba yangu yote ilikuwa imeishia kwa nyani, hakukuwa na neno lingine nililopanga. Nikasikia nikisema, "Sitaki ingine. Hiyo ndiyo iko na mimi hapa. Nyinyi mko na watu. Nikitoka hapa nyinyi mnaenda nyumbani mkiongea njia yote, mimi naenda kuongea na mbwa. Ikikufa sijui nitaongea na nani." Machozi yakatoka. Nilikuwa na hasira nayo, nikayafuta kwa mkono wenye udongo, nikajua nimejipaka uso mzima, na hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akamwaga machicha ya uji, akapangusa kibuyu chake kwa kidole. "Mwethya haiuzwi," akasema. Nikakaa chini. Nilidhani yameisha. Halafu akaendelea, akiwatazama wengine wala si mimi: "Lakini shamba la zamu anaonyesha mwenye zamu. Hatujawahi kumuuliza mtu cheti cha shamba. Siku yake ikifika yeye atatangulia. Pale atasimama, tutachimba. Mambo yake na mwenye duka hayatuhusu."

"Na matuta yake?" akauliza yule jirani yangu, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Mvua ikipata shamba lake hivyo, udongo wote unaenda Tsavo."

"Uende," nikasema.

Mwenye duka aliposikia kwamba wanawake watakuja hakuamini. Akaniuliza pesa ni za nini, nikamwambia. Akarudi nyuma hatua moja akikusanya kanzu yake, kama vile mbwa yuko nyuma yangu. "Asinikaribie tu," akasema, "lakini Mungu amponye." Akamtuma mtu wake kwenda kununua dawa siku hiyo hiyo, kabla jembe halijagusa ardhi, kwa kusikia tu kwamba mwenyekiti amekubali.

Nilitangulia kama nilivyoagizwa. Nikasimama katikati ya shamba ambalo si langu, na wanawake wakachimba. Nilichimba kwa nguvu za watu wawili siku hiyo, nikiona haya kila nilipoinua kichwa na kuwaona wamejipinda kwa ajili yangu. Matuta yalitoka marefu na yaliyonyooka. Sijawahi kuona mazuri kama yale.

Daktari alikuja na pikipiki yake. Alitundika chupa ya maji kwenye mti wa kuanikia nguo, akamchoma mbwa sindano, na mama mkwe, ambaye alikuwa amesema ikipona ni sawa isipopona ni sawa, ndiye aliyemshika miguu. Tulimkalia zamu mimi na yeye. Daktari akarudi, akarudi tena. Kukawa na siku nzuri. Mbwa alikunywa mchuzi wa mifupa, akasimama, akatembea mpaka ukingo wa shamba na kunusa upepo wa upande wa msitu. Alikuwa haoni vizuri lakini alinijua, mkia ulipiga vumbi niliposema jina lake, lile jina la mtu. Nilifurahi kama mjinga. Niliimba nikichota maji.

Halafu akaacha kula tena. Daktari alipokuja alimgusa, akafunga mkoba wake bila kutoa kitu, akasema tumejaribu. Mchana wa siku iliyofuata alikufa kivulini mwa ghala, kichwa kikiwa kwenye goti langu. Nililia kwa sauti na sikujali ni nani anasikia.

Watu wa kwetu hawaziki mbwa. Wanawatupa msituni. Nilichukua jembe nikaenda kuchimba pembeni mwa shamba, nikisubiri mama mkwe aniambie nimepagawa. Alikuja, akasimama akitazama shimo, mikono nyuma. "Ongeza chini," akasema. "Fisi wa hapa wana pua." Akaniachia na leso yake ya zamani ya kumfunikia.

Baada ya hapo sikutoka. Sikwenda kanisani, sikwenda kwa kazi ya mwethya siku iliyofuata, jambo ambalo lilikuwa kosa la kutozwa kuku. Niliona aibu mno. Niliwafanya wanawake wale wavunje jambo walilojivunia miaka yote, na sasa hakukuwa na mbwa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kitui. Shamba langu lilikuwa wazi kama kiganja, na nilijua nimelipoteza, na sikuwa na haki ya kulalamika kwa mtu yeyote.

Asubuhi moja nilikuwa nikifungua mbuzi nikasikia hatua za watu wengi njiani. Nikatazama. Walikuwa wao, wote, majembe mabegani, mwenyekiti mbele. Walipita kando ya boma bila kusimama, wakaingia shambani kwangu, wakajipanga kwenye mteremko, wakaanza kuchimba. Hawakuimba.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua maana yake. Mwethya huja na wimbo. Unausikia ukiwa mbali, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja na sauti. Hawawezi kuchimba bila kuimba, wanasema mikono inasahau. Kuna mahali pamoja tu wanapochimba kimya, tena bila kungoja zamu: kwenye shamba la mtu aliyefiwa.

Nilisimama pale na kamba ya mbuzi mkononi. Kisha nikakumbuka kwamba wanawake ishirini wako shambani kwangu na sijaweka hata sufuria motoni, nikakimbilia jikoni kutafuta unga. Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa ameshafika, sufuria yake kubwa kichwani na unga wake kwenye kikapu. Alikuwa amepiga magoti akipuliza moto wangu. Nikanyoosha mkono nichukue mwiko, na mama mkwe, aliyekuwa kwenye kigoda nyuma ya mlango, akanishika nguo.

"Kaa, mwana wakwa," akasema. "Wewe leo hupiki."

Nikakaa.